Mabano Mawili

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la dawa lililofungwa siku nyingi, ng'ambo kabisa ya lango la hospitali. Asubuhi lina kivuli, mchana halina, na wenye benchi lao hawajali mradi birika la Shangazi liko jikoni. Hapo ndipo dunia hii inapoamuliwa: nani afukuzwe kazi, nani kaoa vibaya, mvua inyeshe lini. Jumanne hiyo, saa nne na nusu, walikuwa watatu, na Shangazi muuza kahawa wa nne. Kulikuwa na Spana, fundi wa majokofu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Kulikuwa na Wakili, ambaye uwakili wake wote ni kuwaandikia watu barua kwa taipureta nje ya mahakama, lakini mwite kwa jina jingine uone kama ataitika. Na kulikuwa na Kibodi, mtu wa kompyuta, aliyeajiriwa na kampuni iliyoifungia hospitali mfumo wa kengele za wagonjwa. Kibodi alishika kikombe tangu saa tatu, na kahawa ilikuwa imempoa mkononi hajainywa hata funda moja.

Gumzo lilikuwa lile lile la tangu Ijumaa. Alhamisi iliyopita, saa nane mchana, mama mmoja aliyelazwa wodi ya wanawake aliingia bafuni peke yake, akaanguka. Kila bafu la hospitali ile lina kitufe chekundu ukutani, chini karibu na sakafu, cha kuitia msaada. Walipomkuta ilikuwa saa tisa na nusu, keshakata roho, na kidole chake bado kiko kwenye kitufe. Nesi wa zamu akasema hakusikia kengele. Na nesi mwenyewe ni mtoto wa kaka yake Shangazi, kalelewa na Shangazi tangu anabebwa mgongoni. Leo saa nane mchana alikuwa anakwenda kusimama mbele ya kamati ya hospitali inayochunguza kifo kile.

— Mimi nishasema, ni maji, alianza Spana. Bafuni kuna maji, na maji yanakunywa umeme. Mtu akifungua bomba tu, umeme wote wa kengele unateremka nao mtaroni.

— Umeme unateremka mtaroni? Wewe fundi kweli wewe?

— Sasa Wakili, wewe unafikiri unaenda wapi?

— Fundi mzima hujui sheria za kengele! Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kengele haikuvuma. Kwa hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa.

— Imejaa nini?

— Miito, bwana! Wagonjwa wanabonyeza mwaka mzima, hakuna anayekwenda kuimwaga. Imejaa mpaka shingoni, itavumaje?

— Ala! Kengele inamwagwa?

— Kila kitu kinamwagwa. Ndiyo maana wakasema maji yakimwagika hayazoleki.

Siku nyingine benchi lingevunjika kwa kicheko. Siku hiyo Spana alicheka peke yake, akaona aibu, akajifuta mdomo. Shangazi alikuwa akiosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi.

— Tena nasikia, Wakili aliendelea, maana akianza haachi, nasikia kengele zile hazilii hospitali hata kidogo. Zinalia nyumbani kwa bosi wa kampuni. Sebuleni! Amekaa kwenye kochi, anasikiliza, anahesabu wagonjwa wangapi wameita, halafu anauza hesabu hiyo ng'ambo.

— Mimi nasikia kitufe chenyewe ni rangi tu, Spana akatia lake. Hakuna kitufe! Wamechora duara jekundu ukutani. Nimefanya kazi kwenye majengo mimi, nayajua mambo yao.

— Na yule mama? Si kidole kilikuwa kwenye kitufe?

— Kilikuwa kwenye rangi.

— Basi! alisema Shangazi.

Hakupaza sauti. Alikiweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akawatazama mmoja mmoja.

— Mtoto wangu hajala siku tano. Jana sokoni mwanamke mmoja kamwonyesha mwanawe kwa kidole: yule ndiye alimwacha mama wa watu afe. Nyie mko hapa mnachora marangi. Kibodi!

Kibodi alishtuka, kahawa ikammwagikia gotini.

— Naam, Shangazi.

— Wewe mwanangu ndiye mwenye kazi hiyo. Hawa ni wapiga domo. Nieleze mimi, polepole, kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kuiona kompyuta. Kitufe kinabonyezwa, nesi anasikia. Hapo katikati kuna nini?

Siku tano Kibodi alikuwa akiomba asiulizwe swali hilo. Kila asubuhi alikuja kukaa hapo, karibu na birika la mwanamke yule yule, na kila asubuhi wenzake walibishana mabomba na marangi, naye akashukuru Mungu kwa upumbavu wao. Angeweza kusema ni nyaya. Angeweza kusema ni mambo ya kitaalamu, Shangazi, hayaelezeki. Lakini mama huyu alikuwa amemwita mwanangu, na ulimi wake ukaanza kusema kabla kichwa hakijaamua.

— Programu, Shangazi, ni kazi ndogo ndogo nyingi, kila moja na jina lake. Wenyewe tunaziita fanksheni. Wewe ziite kazi. Kuna kazi moja inaitwa mwiteNesi. Hiyo ikifanyika, kengele inalia mezani kwa manesi. Basi, haina lingine.

— Nimekupata.

— Kuna nyingine, kubwa, inaitwa lindaKitufe. Hii ni mlinzi. Inakaa macho saa zote, inaangalia kitufe. Lakini yenyewe haijui kitufe kikibonyezwa ifanye nini. Lazima uikabidhi cha kufanya. Kwa hiyo unaichukua ile kazi ya kumwita nesi, unaitia mkononi mwa mlinzi, unamwambia: shika hii, usiifanye sasa. Ukiona mtu kabonyeza, ndipo uifanye.

— Yaani kazi inapewa kazi? Spana aliuliza.

— Kazi inapewa kazi nyingine, nzima nzima, ikiwa haijafanywa bado. Ndiyo ufundi wenyewe. Mlinzi huyo huyo, mahali pengine ukimkabidhi kazi ya kuwasha taa, atawasha taa. Ukimkabidhi ya kufungua mlango, atafungua. Yeye hajali. Anafanya alichoshikishwa.

— Kazi mbaya si mchezo mwema, Wakili alisema, akitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kibodi akachovya kidole kwenye kahawa yake baridi, akaandika juu ya ubao, katikati yao: mwiteNesi.

— Hivi ndivyo unavyomkabidhi. Jina tupu.

Akachovya tena, akaongeza alama mbili mwishoni: mwiteNesi().

— Na hivi ndivyo unavyoamuru ifanyike. Papo hapo, bila kungoja mtu.

Spana aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ubao.

— Tofauti ni hivyo vijimabano viwili?

— Ndivyo.

— Na mtu akipitiwa, akaviweka hapo anapomkabidhi mlinzi?

— Kazi inafanyika kwanza. Inakwisha. Halafu mlinzi anapewa kilichobaki baada ya kazi.

— Kinabaki nini?

— Hakuna. Mlinzi anashikishwa hewa.

Spana akatoa kiberiti mfukoni. Ni mtu wa mikono, mambo hayamwingii mpaka ayashike. Akatoa njiti moja, akaiwasha, akaitazama inavyoungua mpaka karibu na kucha, akaipuliza. Kisha akamnyooshea Wakili kile kijiti cheusi.

— Ni hivi, au siyo? Nilitakiwa nikukabidhi njiti nzima, nikwambie giza likiingia washa taa. Mimi nimeiwasha mwenyewe kwanza, mchana kweupe, ndipo nakupa. Giza linaingia, unaikwaruza weee, huwashi kitu.

— Ni hivyo hivyo, Kibodi alisema.

— Kumbe jambo lenyewe dogo!

Shangazi hakuitazama njiti. Alikuwa akitazama yale maandishi ya kahawa yakikauka kwenye ubao.

— Ngoja kidogo, alisema. Kwa hiyo kengele inalia mara moja tu, pale mnapowasha mashine yenu.

— Ndiyo.

— Hakuna aliyebonyeza.

— Hakuna.

— Na akija mtu akabonyeza?

— Mlinzi anaona. Yuko macho, kidole anakiona. Hana cha kufanya.

— Jumatatu ya juma lililopita, Shangazi alisema, na sasa kila neno alikuwa analiweka chini peke yake, mtoto wangu alirudi akanihadithia. Kaja mtu wa kompyuta kubadilisha kengele za bafuni. Kengele imelia pale mezani kwake, zote kwa mpigo, wakacheka, mtu yule kampa karatasi, naye katia sahihi: imelia. Ni nani aliyempa karatasi?

Gari la wagonjwa likapita likiingia langoni, taa zinawaka bila king'ora. Kibodi alilifuata kwa macho mpaka lilipopotea.

— Ni mimi.

— Kitufe ulikibonyeza?

— Kengele ililia, Shangazi. Nilikuwa natoka kwenye chumba cha mitambo, sijafika hata kwenye mlango wa wodi, nikazisikia zinalia. Nikasema imekubali. Tulikuwa na majengo mengine mawili siku hiyo. Nikachukua sahihi, nikaondoka.

— Hukubonyeza.

— Sikubonyeza hata kimoja.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika pale benchini. Spana alisogea, si mbali, upana wa kiganja tu, lakini Kibodi aliuona ule upana. Wakili naye akasogea karibu zaidi, akashusha sauti ya barua zake za mahakamani.

— Usiseme neno jingine. Kamati si ilikwenda kupima? Mimi nimesikia ilipima.

— Ilipima Ijumaa. Bosi wangu aliwapeleka. Akazima mashine, akawasha. Kengele zikalia zote. Wakaandika zinalia.

— Na wao hawakubonyeza?

— Bosi alisimama mlangoni. Akawaambia mmesikia wenyewe, twendeni tukanywe soda.

— Na huyo bosi anajua kuhusu hivyo vijimabano?

— Nilimwambia mimi. Alhamisi jioni nilifungua programu, nikaviona, nikampigia simu. Akaniambia usiguse. Ukigusa leo, tarehe ya kugusa itaonekana, watauliza kwa nini. Ngoja kamati imalize, Jumamosi ya juma lijalo utavitoa kimya kimya. Nikamwambia sawa.

Kibodi akajipangusa kahawa gotini, akaendelea.

— Barua yetu kwa kamati niliiandika mimi. Mfumo ulipimwa mbele ya nesi wa zamu, kengele ililia, nesi akatia sahihi. Hakuna neno la uongo hata moja humo. Nimeisoma mara mia. Kila neno ni kweli.

— Basi umeokoka! Wakili akajipiga pajani. Kalamu imeandika, nesi katia sahihi, kwisha. Yaliyopita si ndwele.

— Malizia, alisema Spana. Malizia hiyo methali. Tugange yajayo. Yajayo ni saa nane, na binti wa watu anakwenda kutolewa kafara.

— Mimi nampa ushauri wa kisheria!

— Wewe unapiga taipureta!

Shangazi hakuwasikia. Alikuja mpaka mbele ya Kibodi, akainama, akamtoa kile kikombe mkononi, kidole baada ya kidole, maana Kibodi alikuwa amekikaza bila kujua. Akakimwaga mtaroni.

— Siku tano, alisema. Siku tano unakaa hapa, mimi nakulilia wewe habari za mtoto wangu. Jumamosi nilikuuliza, Kibodi, hivi kweli huyu mtoto alisinzia? Unakumbuka ulinijibu nini?

Alikumbuka. Alikuwa amemjibu, kila mtu huchoka, Shangazi.

— Niliogopa, alisema. Naogopa hata sasa. Bosi amesema nikifungua mdomo sitashika kazi ya kompyuta mji huu tena. Lakini si hilo peke yake. Naona aibu. Makosa yenyewe ni ya mtoto wa darasa la kwanza wa kazi yetu. Hata wanaojifunza huyafanya wiki ya kwanza, mwalimu akawacheka. Ningejuaje kwamba hayo ndiyo yataua mtu?

— Yule mama alikaa pale sakafuni saa nzima na nusu, alisema Shangazi. Anabonyeza. Anasema watakuja. Mimi nimemfikiria mtoto wangu tu, Mungu anisamehe, lakini yule mama alikuwa anasema watakuja.

Kibodi akaficha uso kwenye viganja. Alilia kama mtu mzima anavyolia mchana barabarani, mabega tu. Wakili alitazama pembeni. Spana akaweka mkono mgongoni mwake, akauondoa, akauweka tena.

— Utakwenda kusema? Shangazi aliuliza.

— Nitakwenda.

— Saa nane?

— Saa nane nitakuwa pale. Nitasema yote.

Alisema hivyo, na alipokwisha kusema alijisikia mwepesi, karibu kufurahi. Aibu zote zikaona mahali pa kwenda. Saa nane. Akaanza hata kupanga maneno kichwani: waheshimiwa wanakamati. Shangazi akarudi kwenye jiko lake, na Spana akasema haya, mwanamume ni huyo, na hata Wakili akakubali kumwandikia maelezo vizuri, kwa aya, bure. Wakaanza kuhesabu muda. Saa tano na robo. Kuna nafasi ya kutosha, wakasema.

Ndipo alipovuka barabara mwanamume mmoja kutoka langoni, amevaa kandambili na suruali ya kazini, chupa ya chai kwapani. Hawakuwahi kumwona. Alisalimia kwa furaha ya mtu aliyelala vibaya akaamkia habari njema.

— Habari za hapa! Mama, nijazie hii chupa, kahawa ya moto. Mke wangu kanituma. Jana kapasuliwa tumbo, sikudhani, leo kaamka anadai kahawa!

— Hongera, bwana, alisema Spana. Pole na hongera.

— Asante sana. Na ukaidi wake umerudi, ndipo nikajua kapona. Ati anataka kuoga, ananuka dawa. Nikamwambia ningoje nikusindikize. Wapi! Anasema yeye si mtoto, nikirudi nitamkuta keshaoga.

Shangazi alikuwa ameanza kumimina. Birika likasimama hewani.

— Anaoga peke yake? aliuliza.

— Usijali, mama. Nimemwonyesha kile kitufe chekundu cha chini. Nikamwambia ukisikia kizunguzungu tu, bonyeza, watakuja mbio.

Wakili alikuwa amemkanyaga Kibodi mguu, amekaza, na Kibodi aliuhisi ule mguu, akaelewa unachosema: saa nane, bado si saa nane. Akauvuta wake.

— Rudi, alisema.

— Nini?

— Rudi wodini sasa hivi. Mtoe bafuni. Kile chekundu hakiiti mtu.

Mwanamume akacheka kidogo, kisha akaona nyuso zao.

— Hakiiti mtu? Umejuaje?

— Mimi ndiye niliyekitengeneza. Ni kibovu. Vyote vya bafuni ni vibovu, hospitali nzima.

— Tangu lini mnajua?

— Mimi najua tangu Alhamisi.

— Leo Jumanne.

— Ndiyo.

Mwanamume alimtazama Kibodi, akamtazama Spana na kiberiti chake, akamtazama Wakili, akamtazama Shangazi na birika. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

— Na hamkupata hata karatasi? Hata karatasi moja ya kubandika mlangoni, kwamba hiki kibovu?

Alingoja jibu, kwa sababu lilikuwa swali dogo na alidhani lina jibu. Kisha akaiacha chupa idondoke, akavuka barabara mbio, kandambili moja ikamtoka katikati ya magari naye hakugeuka. Ndipo Kibodi alipoinuka.